Mimi na Mdogo Wangu Mbele ya Leza

Kwa miaka mingi tuliamini kwamba mimi na mdogo wangu tumezaliwa na kasoro moja ya macho. Tulikulia Mbozi, kwenye nyumba iliyozungukwa na kahawa, watoto wawili wa kike tuliopishana kidogo tu, na wote wawili tulikuwa na tabia ya kukunja macho na kulaza shingo tunapotazama kitu cha mbali. Kanisani tulikaa safu moja, vichwa vimeinamia upande wa kushoto kana kwamba kuna mtu anatunong'oneza. Waumini walicheka, wakasema hawa kweli ni wa tumbo moja. Mama naye aliona ni madaha ya watoto. Mara nyingine alinyoosha mkono kutoka safu ya nyuma akatunyoosha shingo, mmoja baada ya mwingine.

Nilipokuwa sekondari, wataalamu wa macho walikuja shuleni kutupima. Aliyenipima alinionyesha mchoro wa mistari iliyotawanyika kutoka katikati, kama mionzi ya jua, akaniuliza ipi imekolea. Nikamwambia iliyosimama imekolea na iliyolala imefifia. Akaniambia mistari yote imechorwa kwa wino mmoja na unene mmoja. Nilimtazama nikidhani ananitania.

"Jicho kwa mbele lina kioo," akanieleza. "Kwa wengi kioo hicho ni mviringo kama mpira. Chako kimebonyea kidogo, kama mpira uliokaliwa. Mwanga ukipita hapo haukutani mahali pamoja. Hiyo inaitwa astigmatizimu. Siyo ugonjwa wa kukutisha, ni umbo tu."

Wiki zilizofuata mdogo wangu naye alipimwa, akaambiwa yaleyale. Tukapata miwani. Siku ya kwanza kuivaa ardhi ilituinamia. Uwanja wa nyumbani ambao siku zote ulikuwa tambarare ukawa kama una mteremko, nasi tukawa tunanyanyua miguu juu kama majogoo. Mdogo wangu aliukadiria vibaya mfereji wa maji akatumbukia na viatu vyake. Mama alitoka jikoni akatushangaa. "Mmekunywa nini nyie?" akauliza. Baada ya siku chache ardhi ilirudi ilipokuwa, shingo zetu zikanyooka, na mama akasema kumbe ilikuwa dawa ya madaha.

Tulipokuwa watu wazima kila mmoja alishika njia yake. Mdogo wangu alisomea ualimu akapangiwa shule ya msingi huko Chitete, ambako barabara zina mashimo mengi kuliko udongo, naye anaendesha pikipiki mwenyewe. Mimi nikaingia kwenye biashara ya mpunga. Nanunua Msangano kwa wakulima, nakoboa Tunduma, nauza mchele kwa watu wa mjini na kwa wateja wanaovuka mpaka kutoka Zambia.

Mtu ambaye hajafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa hawezi kuelewa vumbi la pumba. Ni laini kuliko unga, halafu linawasha. Linakaa kwenye nyusi, puani, ndani ya kola, na zaidi ya yote machoni. Miwani haikulizuia. Jasho liliiteremsha hadi ncha ya pua, vumbi likaingia kwa juu, nami nikaivua na kusugua macho kwa viganja vyote viwili. Nilisugua asubuhi, nilisugua mchana, na jioni nikishaoga nilisugua tena kwa raha, kama mtu anayejikuna mahali panapowasha. Hakuna starehe niliyoijua kama ile.

Miwani yangu nayo haikutulia. Mdogo wangu alivaa miwani ya namba ileile tangu alipomaliza chuo. Yangu nilibadilisha mara kwa mara, na kila mara muuzaji aliniambia namba imepanda. Hata mpya ilipokuwa safi kabisa, herufi zilikuwa na mkia. Namba za magari zilitoa kivuli chini yake, kama zimeandikwa mara mbili na mtu mwenye haraka.

Siku moja nilikuwa navuka barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kuelekea mpakani. Nikaona pikipiki mbili zinakuja sambamba katikati ya malori na ukingo wa barabara. Nikasimama nizipishe, moja ipite mbele yangu na nyingine nyuma. Ilikuwa pikipiki moja. Dereva wake alinikwepa kwa kulala upande, akasimama mbele kidogo, akageuka kuniangalia. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyeogopa, "Mama, hukuniona?" Nilikuwa nimemwona, tena mara mbili.

Siku chache baadaye alikuja mteja wangu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, mama mmoja mwenye sauti nene ambaye huniita bamayo, neno la Kibemba la kumheshimu mama, hata kama mimi ni mdogo kwake. Nilizoea kumwona na miwani mizito. Siku hiyo uso wake ulikuwa mtupu.

"Mama, miwani umeiacha wapi?" nikamuuliza.

"Sina tena. Nilichongwa macho."

"Ulichongwa?"

"Kwa mwanga, bamayo. Leza. Nililala kitandani, nikatazama taa, nikaamka. Hata chai niliyoiacha haikuwa imepoa sana."

Nikamwambia mimi nina astigmatizimu, na muuza miwani mmoja mjini aliwahi kuniambia kwamba leza ni ya wale wasioona mbali tu, wenye jicho lililobonyea hawafai. Yule mama akacheka. "Na mimi nilikuwa nayo," akasema. "Nenda ukapimwe. Usikatazwe na mtu ambaye hajalitazama jicho lako."

Nilimpigia mdogo wangu jioni ileile. Nilitegemea afurahi. Akasema, "Dada, mimi jicho langu siligusi."

"Hakuna aliyesema uguse. Tunakwenda kupimwa tu."

"Wewe nenda. Mimi nitakusindikiza, maana ukishafungwa macho nani atakushika mkono?"

Nikamwambia tukifika wote tutapimwa, haiwezekani mtu asafiri mpaka Dar es Salaam akakae kwenye benchi. Tulibishana mpaka mama akaingilia kati. Alisema atauza kahawa yake na kutuchangia wote wawili sawasawa, na kama mmoja akiogopa, huyo asimvunje moyo mwenzake. Mdogo wangu akakubali, lakini kwa sharti kwamba yeye ni msindikizaji.

Shule zilipofunga tulipanda basi. Mdogo wangu alinishika mkono njia nzima kana kwamba nimeshafanyiwa upasuaji.

Kliniki ilikuwa ghorofani, ina ubaridi wa kiyoyozi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayeongea polepole na kusubiri jibu. Kabla ya kushika chombo chochote alituuliza maswali. Miwani imebadilika lini mara ya mwisho? Kuna anayetumia lenzi za kubandika machoni? Kuna mjamzito au anayenyonyesha? Macho yanakauka? Usiku taa zinaonekanaje? Nikaona ni wakati wa kuuliza langu.

"Daktari, nimeambiwa wenye astigmatizimu hawafai kwa leza. Ni kweli?"

"Watu wengi huniuliza hivyo," akasema. "Astigmatizimu peke yake haimzuii mtu. Leza inaweza kupunguza pale palipoinuka zaidi mpaka kioo cha jicho kikae sawa. Lakini lazima nijue kwanza kwa nini jicho lako lina umbo hilo, limebonyea kwa mpangilio au ovyo, kioo chake kina unene gani, na kama limetulia au bado linabadilika. Wawili mnaweza kuwa na miwani inayofanana na macho yasiyofanana hata kidogo."

Nilisikia maneno hayo na kuyaacha yapite. Niliposikia haimzuii mtu, nilikuwa nimeshapona.

Mdogo wangu alipimwa kwanza. Kulikuwa na mashine yenye pete za mwanga, moja ndani ya nyingine, kama mawimbi ya maji ukitupa jiwe. Mtu anaweka kidevu, anatazama katikati, pete zinaakisiwa juu ya jicho lake na mashine inasoma jinsi zilivyopinda. Nilisimama pembeni nikaziona zile pete zikielea juu ya jicho la mdogo wangu, nyembamba, zimeumbika vizuri, zimevutwa kidogo kuwa duaradufu. Sikuwahi kufikiri kwamba jicho la mtu ni kioo kiasi hicho.

Ikaja zamu yangu. Mtaalamu akapiga picha, akatazama, akapiga tena. Akanitaka nifumbe na kufumbua. Akapiga tena. Nikadhani mashine imeharibika. Akaenda kumwita daktari, wakasimama wote wawili nyuma ya skrini wakizungumza kwa sauti ya chini. Wakati nikiwasubiri nikavua miwani na kuanza kusugua macho.

"Unafanya hivyo mara nyingi?" daktari akauliza.

Nikashusha mikono. Mdogo wangu akanijibia. "Kila saa, daktari. Tangu ameanza kazi ya mpunga. Tumemsema mpaka tumechoka."

Daktari akavuta kiti akakaa karibu yangu, akageuza skrini ili niione. Kulikuwa na mduara wenye rangi, kama ramani ile ya darasani inayoonyesha miinuko na mabonde. Kwa juu ilikuwa kijani na buluu iliyotulia. Kwa chini, upande mmoja, rangi ya njano iliingia kwenye chungwa, chungwa ikaingia kwenye nyekundu, na katikati ya nyekundu palikuwa na kilele.

"Hili ni jicho lako la kulia," akasema. "Hapa pekundu kioo kimekuwa chembamba, na kwa sababu ni chembamba kinasukumwa nje. Kinachongoka. Ndiyo maana namba ya miwani inapanda, na ndiyo maana unaona vivuli hata ukivaa mpya. La kushoto nalo limeanza, ila kidogo. Na kusugua kunazidi kuyaharibu."

"Kwa hiyo leza itapunguza hapo palipochongoka," nikasema.

"Hapana. Leza inafanya kazi kwa kuondoa. Inaondoa tabaka jembamba mno, lakini inaondoa. Wewe tayari una pungufu. Nikiondoa tena, kioo kitazidi kudhoofika na kusukumwa. Nitakuwa nimekuharibia macho kwa mikono yangu."

Nilitazama ule mlima mwekundu. Nimekulia kwenye miinuko, najua mlima ni nini, ila sikujua kwamba ninao mmoja mahali ninapotazamia kila kitu na siwezi kuuona. Nilitaka kukasirika, na hasira haikuja. Kilichokuja ni mshangao kama wa mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba kilichokuwa ndani ya nyumba yake siku zote. Nikamwomba daktari anionyeshe na la mdogo wangu. Akaliweka pembeni ya langu. La kwake lilikuwa na umbo kama tai ya shingoni iliyofungwa kipepeo, mabawa mawili yanayolingana, juu na chini. Hata mimi nisiyejua lolote niliona kwamba lile limepangwa na langu limevurugika.

"Yeye anaweza?" nikauliza.

"Huenda. Lakini kwa sababu wewe ni ndugu yake na una hali hii, sitaharakisha. Nitampima tena kwa siku kadhaa, mbele na nyuma ya kioo, na unene wake. Na nitahitaji kuona miwani yake ya zamani."

Aliyelia alikuwa mdogo wangu. Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi akalia kama mtoto. "Turudi nyumbani," akasema. "Tulikuja kwa ajili yako. Mimi sikutaka hata kuja. Siwezi kukaa nikachongwa macho huku wewe unaniangalia."

"Kwani nikiangalia itakuuma?"

"Usinitanie, dada."

"Sikutanii. Wewe unaendesha pikipiki Chitete kwenye mvua na miwani imejaa maji. Mama alisema atakayeogopa asimvunje moyo mwenzake. Sasa nani anaogopa hapa?"

Akafuta machozi kwa kitambaa, nami nikamshika mkono kabla hajasugua. Sote wawili tukaangalia mkono ule nilioushika, tukaanza kucheka, watu wanapanda ngazi na kutupita.

Vipimo vyake vilirudiwa na kila mara vikatoa picha ileile. Miwani yake ya tangu chuo, ambayo kwa bahati bado alikuwa anaivaa, ilithibitisha kwamba macho yake hayajasogea. Kioo chake kilikuwa kinene cha kutosha. Daktari alimweleza kila kitu, pamoja na yale ambayo mtu hapendi kusikia. Macho yanaweza kukauka kwa miezi. Taa za usiku zinaweza kuwa na duara kwa muda. Inawezekana ibaki namba ndogo isiyoisha. Na umri ukisogea atahitaji miwani ya kusomea kama watu wengine, maana hilo leza haiwezi kulizuia. Mdogo wangu alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mwenzake akifundisha, kisha akasema, "Nimeelewa. Sasa fanya kabla sijakimbia."

Nikaruhusiwa kukaa chumba cha jirani chenye skrini ya kuonyesha upasuaji.

Kabla ya kumlaza mdogo wangu, daktari alimkalisha wima, akamtia ganzi ya matone, akaweka alama ndogo za wino kwenye weupe wa jicho. Baadaye nikamuuliza alama zile zilikuwa za nini. Aliniambia kwamba mtu akilala chali, jicho huzunguka kidogo ndani ya tundu lake. Kwa mtu asiyeona mbali tu, hilo si tatizo kubwa. Kwa mwenye astigmatizimu ni tatizo, kwa sababu yeye anatibiwa kwa kuelekea upande fulani, na jicho likizunguka, mwanga utachonga pasipotakiwa. Zile alama zinaiambia mashine jicho lilivyokuwa mtu alipokuwa amekaa, akitazama dunia kama anavyoitazama siku zote. Nimelala usiku mwingi tangu nizaliwe, na sikuwahi kujua kwamba macho yangu yanageuka kila ninapolaza kichwa.

Kwenye skrini jicho la mdogo wangu lilijaa kama mwezi. Kope zilikuwa zimeshikwa na kichuma chembamba. Nililijua jicho lile tangu likiwa la kichanga mgongoni kwa mama, lakini sikuwahi kuliona. Sehemu yenye rangi haikuwa ya kahawia tu kama nilivyodhani. Ilikuwa na nyuzi, maelfu, nyingine rangi ya asali, nyingine rangi ya udongo wa Mbozi baada ya mvua, zote zimevutwa kuelekea kwenye weusi wa katikati. Daktari akaweka pete, akamwambia, "Sasa utaona giza kidogo, usishtuke, ni kawaida." Ukafunguliwa utando mwembamba wa juu, ukakunjwa upande mmoja kama mtu anayefunua ukurasa wa Biblia ile ya karatasi laini.

"Tazama taa ya kijani. Hata ikififia, endelea kuitazama."

"Naitazama," nikamsikia mdogo wangu akisema kwa sauti ndogo.

Kukatokea mlio wa haraka haraka, kama cherehani ya mbali. Hakuna kisu kilichoonekana. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Niliona tu uso wa jicho ukibadilika rangi kidogo kidogo, kama umande unavyokauka kwenye kioo, na jicho lilipotetemeka mashine ililifuata. Mdogo wangu hakujua kwamba ametetemeka. Mashine ilijua. Nilikuwa nimesimama bila kukumbuka kusimama. Nilitamani mama angekuwepo, yeye aliyetunyoosha shingo kwa mkono wake kanisani, aone jinsi mwanga unavyonyoosha kitu ambacho mkono haukiwezi.

Kisha mlio ukakoma. Utando ukarudishwa mahali pake, ukapanguswa kwa brashi yenye maji, na sikuweza tena kuona ulikokuwa umefunguliwa. Nilikuwa sijamaliza hata sala niliyoianza.

Alipotoka nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza katika safari ile kushikana mikono kulikuwa na maana. Macho yalimchoma, machozi yakamtiririka mchana kutwa, akalalamika kwamba anahisi kama kuna kitunguu chumbani. "Na kulikuwa na harufu," akaniambia. "Kama nywele zilizoungua. Wewe uliisikia?" Nikamwambia skrini haina harufu. Alilala na vikombe vya plastiki vya kukinga macho.

Asubuhi nilimtoa vile vikombe kwa uangalifu, nikaenda kuchemsha maji. Nikamsikia anapiga kelele. Nilirudi mbio nikamkuta amekaa kitandani, mikono hewani, uso umejaa hofu. "Dada, sioni! Yameharibika! Kila kitu kimevurugika!"

Alikuwa amevaa miwani. Mkono wake ulikuwa umeitafuta kwenye stuli kama ulivyofanya kila asubuhi ya maisha yake. Nikaivua usoni kwake. Akapepesa macho mara kadhaa. Akaangalia ukuta, akaangalia pazia, akaniangalia mimi muda mrefu, mdomo umefunguka.

"Yesu wangu," akasema taratibu. "Dada, uko hapo."

Sikumbuki wivu asubuhi ile, ingawa watu huniuliza. Nakumbuka tu nilivyokuwa namtazama mtu anayetazama.

Mimi nami nilikuwa na langu. Daktari alisema kwangu kazi ya kwanza ni kuuzuia ule mlima usikue. Alinitia matone ya manjano, tone baada ya tone, mpaka jicho likalowana, kisha akaliwekea taa ya buluu nami nikaitazama nikiwa nimelala. Alinieleza kwamba ile dawa na ule mwanga vikikutana ndani ya kioo cha jicho, nyuzi zake zinashikana na kuwa ngumu, kama ukuta ulioongezewa nondo. "Mwanga huu hauchongi," akasema. "Unakaza." Nikiwa pale chini ya buluu ile nilifikiria kwamba mdogo wangu alichongwa kwa mwanga na mimi nimekazwa kwa mwanga, kila mmoja kwa namna jicho lake lilivyohitaji, na kwamba yupo mtu anayejua kutofautisha. Siku zilizofuata ziliuma, sitasema uongo. Mdogo wangu ndiye aliyenitia matone, yeye mwenye macho mekundu, na kila nilipoinua mkono kuelekea usoni alinizaba kofi la vidole.

Nikaacha kusugua. Mashineni nilinunua miwani ya plastiki inayoziba pande zote, kama ya mafundi wa kuchomelea, na wapagazi wakanitania kwamba sasa nachomelea mchele.

Nilirudi kliniki miezi kadhaa baadaye kuangaliwa. Mlima ulikuwa umesimama palepale. Ndipo daktari akanipa lenzi ngumu, ndogo kama ganda la samaki, akanifundisha kuivaa. Nilishindwa, nikaidondosha, nikashindwa tena, nikalia kwa muwasho. Ilipokaa mwishowe aliniambia nisubiri nisitazame kitu.

"Lenzi hii haigusi kila mahali," akasema. "Jicho lako lina mabonde. Unajua nini kinajaza hapo katikati?"

"Dawa?"

"Machozi yako mwenyewe. Yanaingia chini ya lenzi, yanajaza palipopungua, na kwa mbele unapata uso laini. Sasa fumbua."

Nilifumbua. Ukutani kulikuwa na kalenda, na namba za kalenda zilisimama bila kivuli. Nilitazama vidole vya daktari, kucha zake, mshono wa koti lake. Nikatazama nje dirishani, kwenye nyaya za umeme. Zilikuwa nyaya nne. Siku zote mimi ningesema ni kundi. Ule wasaa wote niliotaka macho yangu yabadilishwe, machozi yalikuwa na kazi nyingine kabisa ya kufanya, nami sikujua.

Mdogo wangu sasa anaendesha pikipiki bila miwani, ingawa upepo wa Chitete unamkausha macho na chupa ya matone haitoki mfukoni mwake. Mimi huvaa lenzi asubuhi na kuivua jioni. Kuna siku vumbi linaingia, naivua katikati ya kazi, naosha mikono, naosha lenzi kwa dawa yake, navaa tena, na wateja wanasubiri.

Msimu uliopita nilikwenda Msangano kununua mpunga kwa mama mmoja tuliyefanya biashara muda mrefu. Nilifika mapema, naye alikuwa bado shambani, nikamfuata huko. Upepo ulikuwa unapita. Mpunga ulikuwa umeiva, na niliona upepo unavyoingia kwa upande mmoja, unainamisha masuke safu kwa safu, unayaachia, unasogea mbele. Niliona kila suke linavyochelewa kidogo kumfuata mwenzake. Nikasimama kwenye tuta.

"Unatafuta nini?" yule mama akaniuliza.

"Naangalia mpunga."

"Mpunga? Si umeuona miaka yote?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama yalikotazama macho yangu, akaweka mundu chini na kusimama na mimi.